Daraja Jenista

Jumatatu hiyo, saa mbili kasoro robo asubuhi, Katibu Amoni alikuwa anahangaika na kufuli la ghala la Chama cha Wakulima wa Kahawa Upendo, kata ya Itaka, na kufuli lilikuwa linamkatalia kama kawaida yake. Magunia kumi na manne yalikuwa yameshapanga foleni mlangoni na wenyewe wameyakalia, maana hapo gunia lisilokaliwa huwa linarudishwa nyuma na watu wasiojulikana. Bibi Tabita alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mizani. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake katika chama hicho ilikuwa kunusa. Alitia mkono guniani, akafikicha punje, akasogeza kiganja puani, akasema. Akisema moshi, ilikuwa moshi, na aliyebisha aliulizwa tu jiko lake liko upande gani wa nyumba.

Siku hiyo ndipo ilipofika pua nyingine. Ililetwa na Jofrey, fundi kutoka Chapwa, Tunduma, akiwa ameipakata kwenye basi safari nzima kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa boksi la chuma la kijivu, ukubwa wa debe, lenye matundu mbele na mdomo wa kutolea karatasi nyembamba kama risiti. Mradi mmoja wa wafadhili ulikuwa umekipa chama kifaa hicho kwa maelezo kwamba wanunuzi wa siku hizi hawataki kusikia habari za pua ya bibi. Wanataka karatasi.

"Humu ndani kuna vihisi vinane," Jofrey alieleza. "Kila kimoja kinanusa kivyake, halafu mashine inajumlisha. Unaweka kahawa hapa, inakwambia daraja."

"Na ukiweka mtu?" aliuliza Bibi Tabita.

"Ni ya kahawa, bibi."

"Haya, tutaona."

Shida ya kifaa kile ni kwamba kilikuja hakijui kitu. Ilibidi kifundishwe. Anayejua harufu ananusa sampuli, anaitaja, Jofrey anaandika jina la harufu hiyo kwenye kompyuta, na kifaa kinashika. Mradi ulikuwa umependekeza majina manne: safi, moshi, ukungu, dizeli. Lakini anayejua harufu Itaka alikuwa mmoja tu, na hakuna aliyempa hiyo orodha. Kwa siku tatu Bibi Tabita alikaa mbele ya boksi na sampuli mia mbili, akataja alichosikia.

"Moshi," alisema. "Ukungu. Hii safi. Hii imelala chini ya kitanda cha watu wasiosemezana. Hii imechumwa na mtu mwenye njaa. Hii ukungu tena, mwenyewe mvivu. Hii ya Jenista."

Jofrey aliacha kuandika. "Jenista ni harufu, bibi?"

"Kwani wewe huisikii?"

Jofrey alinusa. Hakusikia kitu zaidi ya kahawa. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na kwao mtu hamkatizi mama wa umri wa bibi yake, sembuse kumsahihisha. Akaandika Jenista. Akaandika na njaa, na uvivu, na kitanda cha watu wasiosemezana, na mengine thelathini na saba, yote kama yalivyotamkwa. Siku ya tatu jioni alibonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka, kifaa kikawa kimehitimu. Watu wakakiita Pua.

Sasa huyo Jenista. Alikuwa mjane wa Yesaya. Alizaliwa Itumba, kule milimani Ileje, akaolewa Itaka, na kwa miaka kumi na tisa alilima na mumewe mibuni mia nne na kumi. Yesaya alipokufa, Jenista hakuvuka mipaka ya shamba mwaka mzima kama desturi inavyotaka. Mjane hapiti barabarani na mzigo wakati kaburi bado bichi. Shemeji yake, Barnaba, mwenye guta la kubebea mizigo, akajitolea kupeleka magunia ghalani. Daftari la mapokezi lina safu inayouliza aliyeleta ni nani, na Amoni ni mtu wa kuandika anachokiona. Akaandika Barnaba. Msimu wa pili Barnaba alikuja na guta bila kuitwa, akasema kule ghalani wameshamzoea. Msimu wa tatu ndio huu, na ndipo Jenista alipokuja kuelezwa, tena na jirani kisimani, kwamba ukoo ulishakaa ukaamua: shamba la marehemu litakuwa la yule atakayetajwa na daftari misimu mitatu mfululizo.

Alimfuata Barnaba palepale alipokuwa anapakia. "Shemeji, safari hii niandikwe mimi."

"Shemeji," alijibu Barnaba kwa upole, huku anakaza kamba, "kwani mimi na wewe ni watu mbali?"

Barnaba alikuwa mpole kwelikweli. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti maishani mwake. Jenista alirudi ndani akakaa kitandani, akaogopa. Kaka zake kule Itumba walikuwa wameshapanda mahindi mpaka kizingitini. Hapakuwa na pa kurudi. Tumaini lake likabaki kwenye lile boksi, maana Katibu alikuwa ametangaza kwamba kuanzia msimu huu kila karatasi ya Pua itabandikwa ndani ya daftari.

Magunia sita ya kwanza ya shamba hilo yalifika Ijumaa kwa guta la Barnaba. Sampuli ikawekwa, Pua ikavuta pumzi, ikatoa karatasi. Amoni akaisoma kwa sauti, kwa sababu utaratibu ulisema isomwe kwa sauti.

"Jenista, asilimia tisini na moja. Yesaya, marehemu, asilimia sita. Guta, asilimia mbili. Barnaba, asilimia moja."

Foleni ilisikiliza. Watu walionekana kuridhika na hesabu.

"Hiyo moja imetokea wapi?" aliuliza mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake.

"Kamba," alisema Bibi Tabita. "Si ndiye aliyefunga kamba?"

Barnaba alikohoa. "Na marehemu anafanya nini kwenye kahawa ya mwaka huu?"

Jenista alikuwa amesimama mwisho wa foleni, amekuja kwa miguu. "Huwa anapita jioni kukagua mibuni ya kule chini," alisema. "Anang'oa magugu mawili matatu, anaondoka. Sijamkataza."

"Mimi mbona sijamwona?"

"Wewe hujafika kule chini, shemeji."

Amoni aliona mambo yanarefuka. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Tumwache marehemu."

"Lakini yupo, Katibu. Asilimia sita. Umesoma mwenyewe."

"Pua inasema harufu, mama. Haisemi mali." Akaandika Barnaba kwenye safu ya aliyeleta, akaipaka karatasi gundi, akaibandika pembeni, na vyote viwili vikakaa kwenye ukurasa mmoja bila kugombana.

Hata hivyo, ile asilimia moja ilimkera Barnaba. Aliona ni ndogo mno kwa mzee wa kanisa. Mzigo wa pili aliuchukua kwake, akakaa nao siku tisa. Aliulalia. Alichovya mikono ndani ya kila gunia mpaka kwenye viwiko, akala ugali wake hapohapo, akasali akiwa amepiga magoti juu yake. Alipoufikisha ghalani, Pua ilivuta pumzi kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na Amoni akasoma. Jenista, asilimia tisini. Yesaya, marehemu, asilimia tano. Barnaba, asilimia tano, usingizi.

Watu walicheka kwa adabu, wakaangalia pembeni. Kila mmoja alikuwa na yake. Mume na mke waliotajwa kwa kitanda chao walianza kusalimiana asubuhi ili washuke asilimia, na yule mvivu alihamishia kahawa yake kwa dada yake, ambako ilisomeka vizuri zaidi. Kwa ujumla Pua ilisifiwa. Mradi ulituma mtu akaipiga picha.

Barnaba akapeleka suala lake kamati ya chama. Hakulalamika, alisema tu kwamba anahofia amani. Kamati ya watu watano ilikaa saa mbili na nusu, ikanywa soda, ikaandika muhtasari usemao kuwa kahawa iliyoletwa na Barnaba ni kahawa ya Barnaba, imetoka shamba la Barnaba, na imechumwa na Barnaba pamoja na wasaidizi. Amoni akaugonga muhuri. Meza ilikuwa imejaa chupa, kwa hiyo akauweka muhtasari juu ya Pua ili wino ukauke.

Pua ikapiga chafya.

Ilikuwa chafya moja tu, lakini iling'oa bati mbili za paa. Zilipatikana ng'ambo ya barabara kwenye shamba la maharage, moja ikiwa imesimama wima. Wajumbe wote watano walisema, "Pole." Kisha wakaokota muhtasari, wakaupangusa vumbi, wakaufungia kabatini, na kikao kikaendelea na mengineyo.

Tangu hapo Pua ikawa na mafua. Matundu yalidondosha maji, na kila gunia ililisoma safi, pamoja na gunia moja lililokuwa limemwagikiwa dizeli mchana kweupe mbele ya watu. Amoni alimpigia Jofrey simu. Jofrey alisema ametafuta kwenye kitabu cha maelekezo na ukurasa wa mafua haupo. Kamati ikaamua kwamba mgonjwa asiharakishwe. Wiki hiyohiyo Barnaba alipiga safari tatu kwa siku na guta lake, akamaliza mzigo wote uliobaki, na daftari likajaa safi, Barnaba, safi, Barnaba, mpaka chini ya ukurasa.

Jenista alijua maana yake. Alichuma majani ya mikaratusi mzigo mzima, akaja nayo ghalani kichwani, na Bibi Tabita akaleta mchaichai na sufuria. Waliikalisha Pua kwenye stuli, sufuria ya maji yanayochemka mbele yake, wakaifunika blanketi. Waliifukiza asubuhi, mchana na jioni. Jenista aliingiza mkono chini ya blanketi kila mara kuhakikisha haiungui.

"Pona, jamani," alisema. "Nakuomba. Pona kabla ukoo haujakaa."

"Usiisemeshe sana," alisema Bibi Tabita. "Mgonjwa wa mafua anataka kimya."

Siku ya nne, Alhamisi saa nne asubuhi, Pua ilipona. Bila kuwekewa sampuli yoyote ilivuta pumzi ndefu, ikanusa kwa pamoja magunia yote ya ghala yaliyoandikwa Barnaba, yaliyoko mbele na yaliyoko nyuma ya ukuta, na karatasi ikaanza kutoka. Ilitoka mpaka saa saba. Ilipita karibu na mizani, ikavuka mlango, ikateremka ngazi, ikafuata njia mpaka barabarani, na waendesha baiskeli wakawa wanashuka ili wasiikanyage. Ilikuwa imeandikwa Jenista, Jenista, Jenista, na kila baada ya hatua kama kumi, Yesaya, marehemu. Jina la Barnaba lilitokea mara moja, karibu na mfereji. Jenista alitembea kando yake akiisoma neno kwa neno hadi mwisho wake, na alifurahi, tuseme ukweli, alifurahi mpaka akashika kona ya kitenge akajifuta uso. Halafu akaikunja karatasi yote, ikajaa ndoo.

Jumamosi, Rubeni, mnunuzi mwenye ghala Tunduma ambaye alikuwa ametumiwa kahawa ya kuonja pamoja na nakala ya karatasi ya Pua, alimpigia Amoni simu.

"Katibu, hii Jenista ni daraja jipya?"

Amoni alifikiri haraka. Katibu hapaswi kuonekana hajui madaraja ya chama chake. "Ndiyo," alisema. "Jipya la mwaka huu."

"Basi mimi na wateja wangu wa ng'ambo tunataka Jenista. Safi siitaki. Safi kila mtu anayo."

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumapili baada ya ibada, uani kwa Barnaba. Jenista alikuja na ndoo yake. Amoni alikuja na daftari, kwa sababu lilihitajika. Yesaya naye alikuja, akasimama karibu na lango, akiwa na shati lake la shambani. Kikafunguliwa kwa sala.

Barnaba alisimama wa kwanza. "Ndugu zangu," alisema kwa upole, "mimi na shemeji hatuna ugomvi. Pua imesema harufu ni yake, na mimi sijawahi kubisha hata siku moja. Harufu ni yake. Aichukue."

Wazee wa ukoo walitikisa vichwa kukubali. Waliona ni mtu wa haki. Daftari likafunguliwa, misimu mitatu ikasomwa, na majina yakawa Barnaba, Barnaba, Barnaba. Ndipo Jenista alipoinamisha ndoo, akaanza kuitoa karatasi, akaizungusha uani, akawapitishia wazee mikononi mmoja baada ya mwingine.

"Kila punje nimechuma mimi," alisema. "Nimemenya mimi, nimeanika mimi. Hapa imeandikwa. Someni."

Walisoma. Hakuna aliyesema ni uongo. Mmoja aliivuta karatasi upande wake, akaigeuza nyuma na mbele, akaipitisha yote vidoleni toka mwanzo hadi mwisho, jambo lililochukua muda.

"Ni ndefu kweli," alisema. "Lakini haina muhuri."

Wote wakaangalia. Kweli haikuwa na muhuri. Amoni alikuwa na muhuri mfukoni mwa koti, pamoja na kile kidau chake cha wino. Alipapasa mfuko, akatoa leso, akajifuta jasho, akarudisha leso.

Yesaya aliinua mkono kule langoni. Mwenyekiti wa kikao alimwona. Alimwambia, kwa heshima zote, kwamba wachangiaji ni wale tu waliosaini mahudhurio, na karatasi ya mahudhurio ilikuwa imeshafungwa. Yesaya akashusha mkono. Kisha akaondoka kwenda kukagua mibuni ya kule chini, maana jua lilikuwa limeanza kushuka.

Shamba likawa la Barnaba. Watu walikuwa wanainuka ndipo Amoni alipoomba dakika moja. Alieleza habari za Rubeni. Alisema wateja wanataka Jenista, na Pua haiwezi kusema Jenista kama Jenista atakuwa Itumba. Kikao kikakaa tena, na mara hii kikaingiwa na huruma. Wazee walisema si desturi ya ukoo huu kufukuza mjane. Walisema mtu aliyeishi na watu miaka kumi na tisa si mgeni tena. Walisema mengi mazuri, na mwandishi akayaandika yote.

"Shemeji haendi popote," alisema Barnaba. "Nyumba ile aendelee kukaa. Achume kama alivyokuwa anachuma."

"Nichume shamba la nani?" aliuliza Jenista.

"Langu, shemeji. Kwani mimi na wewe ni watu mbali?"

Jenista alitazama ndoo tupu. Alijua akifungua mdomo atalia, na hakutaka walione hilo pia wakaliandika. Alikunja karatasi yake polepole. Usiku aliiweka chini ya godoro, na inasemekana nyumba nzima ikawa inanukia.

Msimu uliofuata ulikuwa mzuri. Magunia yalipigwa chapa nyeusi, DARAJA JENISTA, herufi za ukubwa wa kiganja. Kwenye foleni ya malori pale Tunduma, madereva waliokwama siku mbili tatu walilisoma jina hilo mpaka wakalizoea, wakawa wanaulizana kama Jenista imeshavuka au bado. Mradi uliandika taarifa yenye picha kuhusu mchango wa teknolojia kwa mwanamke mkulima. Picha ilikuwa ya Pua. Bibi Tabita alipewa cheti cha shukrani, na akaruhusiwa kubaki na kigoda chake.

Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, kabla ghala halijaanza kupokea, Jofrey alikuja kutoka Chapwa kuikumbusha Pua harufu zake, kwani vihisi husahau vikikaa muda mrefu. Alihitaji sampuli mpya ya kila daraja. Kwa moshi walileta kahawa iliyokaa jikoni, kwa ukungu wakaleta ya jana iliyonyeshewa. Kwa Jenista wakamwita Jenista.

Alikuja kwa miguu, akakaa kwenye stuli, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya matundu. Alijaribu kwanza kuinusa mwenyewe, lakini hakusikia kitu. Mtu haisikii harufu yake. Pua ikavuta pumzi. Karatasi ikatoka: Jenista, asilimia mia moja.

"Safi sana, mama," alisema Jofrey. "Usitoe kwanza."

Amoni akavuta fomu ya sampuli, kwa sababu siku hizi kila sampuli ina fomu. Aina ya sampuli, akaandika: mikono, miwili. Hali ya sampuli, akaandika: nzuri, ina sugu. Mstari wa tatu uliuliza mmiliki wa sampuli ni nani. Amoni akafungua daftari kuhakikisha, akashusha kidole mpaka kwenye shamba linalohusika, akaandika Barnaba, akagonga muhuri. Kisha akaiweka fomu juu ya Pua ili wino ukauke.

Pua ikapiga chafya.

"Pole," alisema Bibi Tabita, na alikuwa anamtazama Jenista.

Bati hazikung'oka. Kamati ilikuwa imeshazifunga kwa bolti, zote, tangu mwezi wa tatu.